Mgeni wa Benchi la Nyuma

Mashine ya fotokopi ilikwama asubuhi ambayo mji mzima uliamka na karatasi ya kutoa kopi. Foleni ilitoka dukani, ikapinda kona, ikaenda kuishia kwa fundi viatu. Watu walisonya, walitazama saa, walimlaumu mwenye duka utadhani yeye ndiye aliyeimeza ile karatasi. Katikati ya vurugu hiyo alisimama mwalimu wa darasa la pili, gauni la njano, mkanda mweusi kiunoni, mtihani mmoja mkononi na uso wa mtu aliyechelewa. Wanafunzi wake walimwita Kengele, maana sauti yake ilifika darasani kabla yake. Mwenyewe alijua, na wala hakuchukia.

Mbele yake alikuwepo kijana wa shati jeupe, mikono ya shati ameikunja, amekumbatia rundo la karatasi lililomfika kidevuni.

"Kaka, samahani," Kengele akamgusa bega. "Hizo zote ni za kutoa kopi?"

"Zote, dada."

"Unafungua kiwanda?"

Kijana akageuka. Miwani ilikuwa imemteleza hadi ncha ya pua na hakuwa na mkono wa kuirudisha. "Na wewe una ngapi?"

"Moja tu. Wanangu wana mtihani sasa hivi, na wale nikiwaacha peke yao nitawakuta juu ya paa."

"Una watoto wangapi?"

"Sitini na kitu."

Kijana akamtazama toka kichwani hadi viatuni, polepole, bila haya. "Hongera sana, mama. Mbona hufanani na uzazi?"

Foleni nzima ikacheka. Kengele akajitia kununa, akashindwa, akacheka nao. Halafu, bila kufikiri, akainua kidole kimoja akaisukuma ile miwani juu ya pua ya kijana, kama alivyozoea kuwafanyia watoto. Kidole kile ndicho kilichomponza.

Wiki iliyofuata Mwalimu Mkuu aliingia darasani kwake bila hodi, na nyuma yake shati jeupe lile lile.

"Mwalimu, huyu bwana ni mtafiti. Atakuja kila Jumatatu, mwaka mzima, kutazama tunavyofundisha. Wewe fundisha kama kawaida. Jifanye hayupo."

Jifanye hayupo! Mtu mrefu vile, amejikunja kwenye benchi la nyuma lililochongwa kwa ajili ya watoto, magoti yamemfika kifuani, kamera ndogo ya miguu mitatu imesimama ubavuni mwake. Watoto waligeuza shingo wote. Kengele alipiga kiganja mezani, "Macho huku!" na macho ya watoto yakarudi ubaoni. Ya kwake ndiyo yaliyochelewa kurudi.

Nisimpambe mwalimu wetu. Alikuwa anafundisha kama alivyofundishwa. Yeye anasema ba, wao wanasema ba, chumba kizima kinatikisika, mpita njia akisikia anadhani hapo ndipo elimu ilipozaliwa. Lakini ukimwita mtoto mmoja mmoja umwonyeshe neno, wengi wanakutazama usoni wakitafuta jibu kwenye midomo yako. Kengele aliliona hilo na lilikuwa linamla. Shule ilikuwa na sharti moja lisilo na huruma: mwisho wa mwaka, asiyeweza kusoma kifungu kifupi peke yake, hapandi na wenzake. Anabaki darasa la pili.

Na miongoni mwa wale wasioweza alikuwemo Kidoti.

Kidoti alikuwa mtoto wa marehemu dada yake Kengele, msichana mdogo mwenye alama nyeusi shavuni iliyompa jina hilo. Dada mtu alimwachia mtoto huyo akiwa kitandani hospitalini, kwa maneno machache tu ya mwisho: "Msomeshe." Kengele alimlea, akamlisha, akamsuka, akamweka darasani kwake mwenyewe ili amwone kwa karibu. Mtoto alikuwa mwepesi wa kila kitu, hesabu za dukani, mizaha, kuiga sauti za walimu. Herufi tu zilimkataa. Jioni Kengele alimkalisha wakaimba ba be bi mpaka sauti zikakauka. Asubuhi herufi zimetoroka tena.

Basi Jumatatu zikaja na kupita, na mgeni wa benchi la nyuma akaanza kubaki baada ya kipindi, kwanza kukunja kamera, halafu kubeba madaftari, halafu hana hata kisingizio. Mwalimu wa Hisabati, shoga yake Kengele tangu chuoni, mwanamke asiyejua kunong'ona, alikuwa akiwatazama kutoka dirisha la ofisi.

"Shoga, huyo anafanya utafiti wa nini hasa?"

"Ufundishaji."

"Na hiyo shingo yako inafundisha somo gani? Maana ndiyo anayoitazama."

"Nyamaza, wewe!"

"Mie sijasema kitu. Ila naona kila Jumatatu gauni la njano. Hizo nguo nyingine ziliungua?"

Haikuwa uongo. Kengele alikuwa amemwambia Mtafiti kwenye simu kwamba njano inamsumbua kufua, naye akajibu kwamba siku ile ya fotokopi alisahau nusu ya karatasi zake dukani kwa sababu ya njano hiyo. Nani angevaa nguo nyingine baada ya hapo?

Simu zenyewe zilikuwa za kila jioni.

"Haloo, Kengele wangu."

"Kengele imefungwa. Shule imetoka."

"Basi niigonge kidogo isikike."

"Thubutu! Wewe kazi yako kukaa nyuma na kutazama."

"Nimetazama mpaka macho yananiuma, laazizi. Lini nitakaa mbele?"

"Mbele wanakaa wenye adabu."

Akicheka, Mtafiti alikuwa na kicheko cha chini, cha mtu anayeogopa kuamsha wengine, na Kengele alibana simu sikioni ili kisimpotee hata kidogo. Alimpenda. Hakukuwa na njia nyingine ya kulisema hilo, na wala yeye hakuitafuta.

Jioni moja alimuuliza jambo lililokuwa likimkera. "Mpenzi, wewe umezunguka shule zote hizi. Za mjini zilizojaa, za huko viwandani, zile za kulipia zenye bustani. Mimi nakosea wapi? Niambie tu, sitanuna."

Kengele alidhani mtandao umekata.

"Hukosei popote," akasema Mtafiti. "Usibadilishe chochote. Fundisha hivyo hivyo unavyofundisha."

Usiku ule Kengele alilala akitabasamu. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwambia kwamba hakosei.

Jumapili Mtafiti alikuja nyumbani. Vyumba viwili, kochi moja lililofunikwa kitambaa cha pazia, dirisha linalotazama kamba za nguo za majirani. Alikuwa na kiti chake pale karibu na meza, na kikombe chake ambacho Kidoti hakumruhusu mtu mwingine kukigusa. Alimletea mtoto kitabu cha picha, hadithi ya sungura mwenye kofia, akamsomea mara nyingi hata mtoto akaikariri yote na kuanza kujifanya anaisoma, kitabu amekishika kichwa chini.

Siku moja Kidoti alikigeuza kitabu, akakitazama, akakifunga.

"Anko, nifundishe mimi kusoma."

Mtafiti alikoroga chai ambayo sukari yake ilikwishayeyuka zamani. "Mama mdogo wako ndiye mwalimu, Kidoti. Mimi ni mgeni tu."

"Mama mdogo ameshanifundisha sana. Ni mimi. Kichwa changu kizito."

"Nani kakwambia hivyo?"

"Najua mwenyewe."

Kengele aliyekuwa anapasi nguo akaweka pasi chini, akamvuta mtoto kifuani, akamkaripia na kumbusu kwa pamoja. Alipoinua macho akamwona Mtafiti ameduwaa juu ya kikombe chake, uso umemshuka. Akasema moyoni: tazama jinsi mwanaume huyu anavyompenda mtoto wangu. Akampenda zaidi.

"Utafiti ukiisha," Mtafiti alimwambia mlangoni akiaga, "namleta mama yangu hapa. Nataka mambo yawe rasmi."

"Kwa nini mpaka uishe?"

"Uishe kwanza. Tafadhali."

Mwaka ukaisha. Kidoti aliitwa mbele ya Mwalimu Mkuu asome kifungu, akasimama wima, akakumbuka hadithi ya sungura mwenye kofia, akaitoa yote bila kukosea. Kwenye karatasi palikuwa na habari za ng'ombe. Wenzake wakacheka hadi machozi. Walipopanda darasa la tatu, yeye alibaki kwenye dawati lile lile na watoto waliomfika begani, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe akaacha kuiga sauti za watu.

Haya. Sasa siku yenyewe.

Mwalimu Mkuu alikuwa amealikwa kwenye mkutano wa kusomwa matokeo ya ule utafiti. Jino likamshika, shavu likavimba, akamtuma Kengele badala yake. Kengele hakumwambia mtu wake. Alitaka amshtukize, amwone akiwa mbele za watu, amefunga tai, anaheshimika. Akalipiga pasi gauni la njano, akafunga mkanda mweusi, akajipaka wanja. Ukumbi ulikuwa mkubwa, viti vimevishwa vitambaa vyeupe, chupa ya maji mbele ya kila mtu. Akakaa katikati, safu ya walimu wa shule asizozijua.

Taa zikapunguzwa. Mtafiti akapanda jukwaani, kama alivyomwaza. Tai ilimkaa vizuri.

Akaeleza. Kwamba shule ziligawanywa mafungu mawili kwa bahati nasibu. Nusu yake walimu walifundishwa njia mpya: mtoto apimwe anajua nini, akae kwenye duara na wenzake wa kiwango chake, apewe kadi za herufi mkononi, aseme yeye, si kuitikia. Nusu nyingine ikaachwa iendelee kwa mazoea, bila kuambiwa kitu, ili papatikane cha kulinganishia. Kwenye ukuta ikatokea mistari miwili. Mmoja ulipanda. Mwingine ulilala chini kutoka mwanzo wa mwaka hadi mwisho. Watu wakapiga makofi. Kengele naye akapiga, kwa fahari, mpaka mikono ikamwasha.

"Tuone madarasa yenyewe," akasema Mtafiti.

Ikaja video ya watoto wakiwa kwenye maduara sakafuni, wanabishana, wanabadilishana kadi, mmoja anamfundisha mwenzake. Ukumbi ukatabasamu.

"Na hili ni darasa la kulinganishia."

Likatokea gauni la njano.

Uso ulikuwa umefunikwa kwa ukungu, kama sheria za kazi zao zinavyotaka. Lakini gauni lilikuwa wazi, mkanda mweusi ulikuwa wazi, na sauti, Mungu wangu, ile sauti. "Semeni wote! Ba! Be! Bi!" Watoto wakaitikia kwa kelele iliyotetemesha spika. Pembeni mwa picha mtoto mmoja mdogo, naye amefunikwa uso, alikuwa akitikisa kichwa kwa mdundo.

"Hii kwaya!" mtu akasema nyuma, na ukumbi ukacheka. Hawakucheka kwa ubaya. Walicheka tu.

Mwalimu aliyekaa jirani na Kengele alicheka pia, akageuka kumshirikisha kicheko, akaliona gauni. Akatazama ukutani. Akatazama tena gauni. Kicheko kikamfia mdomoni, akasogeza mkoba wake kama anayempisha mtu apite.

Taa zikawashwa, na Mtafiti akamwona.

Kengele alitoka kwa miguu yake, kichwa juu. Alimsikia Mtafiti akiacha kipaza sauti kikipiga yowe, akimkimbilia hadi ukumbi wa nje mbele ya watu wote.

"Nisikilize. Tafadhali, nisikilize. Nilikuwa nikuambie leo, baada ya hapa, naapa."

"Uso umeuficha vizuri," Kengele akasema. "Ahsante. Gauni ulilisahau."

Akaenda zake.

Simu ililia hadi chaji ikaisha. Alipoichaji ikalia tena. Mwalimu wa Hisabati alikuja na mkate, akamkuta amekaa sakafuni akilifumua gauni la njano pindo kwa pindo kwa mkasi.

"Shoga, gauni lina kosa gani?"

"Niache."

"Haya, mkate ninauweka hapa. Na mkasi nipe mimi." Kwa mara ya kwanza alinong'ona.

Mtafiti alikuja mwenyewe Jumapili, saa yake ile ile, kana kwamba miguu ilijua njia bila yeye. Kengele alimfungulia. Kidoti alikuwa kwa jirani. Kiti cha Mtafiti kilikuwepo, lakini hakukikalia.

"Nilikuwa sijui kama njia hiyo inafaa," akaanza. "Ndiyo maana ya utafiti. Huwezi kujua bila kulinganisha. Na kama ningekwambia, ungeanza kuitumia, na darasa lako lisingekuwa tena la kulinganishia. Kazi yote ingeharibika."

"Sawa. Ulijua lini kwamba inafaa?"

"Katikati ya mwaka nilianza kuona."

"Katikati ya mwaka. Na Jumapili zote za baada ya hapo ulikaa kwenye kiti hicho. Kidoti alikuomba. Alikuomba kwa mdomo wake, nikisikia. Ukakoroga chai."

"Ningemfundisha, ningeharibu takwimu."

"Kidoti ni takwimu?"

"Yumo ndani yake," akasema kwa sauti ndogo, na akaonekana kulisikia neno lake mwenyewe kwa mara ya kwanza.

Kengele alitaka kumpiga. Alitaka pia kumkumbatia, na hilo la pili ndilo lililomtia hasira zaidi. "Mimi nilikuuliza nakosea wapi. Nikakuvulia nguo za ualimu wangu zote, nikasema niambie, sitanuna. Ukaniambia sikosei. Nililala na tabasamu, mwenzio! Kumbe unanichezea shere."

"Sikukuchezea. Nilikupenda na bado nakupenda."

"Basi ungeliondoa darasa langu."

"Bosi angeuliza kwa nini. Ningesema nini?"

"Ungesema unanipenda."

Jirani alikuwa anafua. Maji yalisikika yakimwagwa uani. Mtafiti alivua miwani akaifuta kwa shati, akaivaa, akaivua tena.

"Uliogopa kupoteza shule moja kwenye hesabu zako," Kengele akaendelea. "Ulikuwa na mawili ya kuchagua. Unipende mimi, au ulipime darasa langu. Wewe ukataka vyote. Mimi Jumapili, wanangu Jumatatu. Na aliyelipa ni yule mtoto ambaye leo anacheza peke yake kwa sababu wenzake wanamwita Sungura."

Mtafiti alitia mkono mfukoni, akatoa pete, akaiweka mezani kati yao. Haikuwa na sanduku. Ilionekana imekaa mfukoni siku nyingi.

"Kesho nakwenda kwa bosi wangu. Namwambia kila kitu, mbele ya wote. Wakinifukuza wanifukuze. Halafu nakuoa, kama bado unanitaka. Nitamfundisha Kidoti mwenyewe, kila siku."

Kengele aliitazama ile pete kwa muda mrefu. Ilikuwa saizi yake. Hata hilo alilijua, huyu mpimaji wa watu.

"Ondoka," akasema. "Nitakupigia."

Alipotoka, pete alienda nayo, kwa sababu Kengele alimrudishia kiganjani na kumfunga vidole kimoja kimoja.

Kesho yake asubuhi, kabla Mtafiti hajafika kwa bosi wake, bosi mwenyewe alifika shuleni. Mama wa makamo, mkufu mwembamba shingoni, sauti ya mtu asiyerudia swali. Walimwachia ofisi ya Mwalimu Mkuu.

"Mwanangu, nitakuuliza jambo moja, na unijibu ukweli. Siku ile watu walimwona mtafiti wetu anakukimbilia. Kuna uhusiano kati yenu?"

"Na kama upo?"

"Kama upo, darasa lako linatoka kwenye kazi yetu. Na halitatoka peke yake. Wanaoamua kuhusu zile kadi wanatafuta sababu ya kukataa; watasema mpimaji alikuwa na mchumba kati ya waliopimwa, kazi yote imechafuka. Kadi zitarudi kabatini, na tutaanza upya. Sijui lini." Akaegemea mbele. "Kama hakuna uhusiano, shule zote zilizoachwa zinapewa njia mpya muhula huu. Yako ya kwanza."

Neno moja tu. Neno moja, yule bwana amwage unga, aaibike mbele ya ukumbi ule ule uliocheka. Kengele alilihisi lile neno ulimini, tamu kabisa. Kupitia dirishani alisikia darasa lake, limeachiwa Mwalimu wa Hisabati, likiimba ba be bi. Kidoti alikuwa humo, mkubwa kuliko wote, akiimba kwa mwaka wa pili.

"Hapana, mama," akasema. "Hakuna kitu. Alikuwa mgeni wa benchi la nyuma tu."

"Una hakika?"

"Ningekuwa na mtu kama yule, ningemficha?"

Bosi akamtazama, akatabasamu kidogo, akafunga mkoba wake. Kama aliamini au hakuamini, hilo alilichukua akaondoka nalo.

Kengele alimpigia Mtafiti akiwa bado amekaa kwenye kiti cha Mwalimu Mkuu.

"Uko wapi?"

"Nje ya ofisi ya bosi. Wameniambia ametoka, namsubiri. Nitasema, Kengele. Nimeamua."

"Usiseme. Ameshaniuliza mimi. Nimekukana."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ukisema, watoto wangu wanakosa mwaka mwingine. Nimefanya kama wewe. Nimepima, nikachagua."

"Basi tusubiri. Mwaka, miwili, watu wasahau."

"Tukionekana hata mwaka wa kumi, watasema ilikuwa kweli, na kadi hizo zitakuwa za uongo. Mimi nimeshasema hatupo. Basi hatupo."

"Unanipenda?"

"Nakupenda," Kengele akasema, na sauti ile iliyotikisa madarasa ikamkatika. "Ndiyo balaa lenyewe. Usinipigie tena, mpenzi wangu. Nikiona jina lako nitapokea."

Kadi zilikuja katika masanduku. Kengele alifundishwa na mama mwingine, akawa mwanafunzi mkorofi wa maswali, akaishika njia ile mpaka wenzake wakawa wanamwita awasaidie. Aliyatoa mabenchi yote nje, akayapanga ukutani uani. Watoto walikaa kwenye maduara sakafuni. Darasa halikusikika tena barabarani; kelele zake zilikuwa za maswali, na sauti ya Kengele ikapungua hadi watoto wapya wakawa hawaelewi jina hilo limetoka wapi.

Aliiona kwa macho yake siku ya kwanza Kidoti aliposoma neno zima. Neno lilikuwa "kuku". Kengele alikwenda chooni, akafunga mlango, akalia. Alilia furaha, na alilia kwa sababu lilikuwa jambo dogo kiasi hicho. Ilikuwa rahisi kiasi hicho.

Mwisho wa muhula kazi ilimtaka Mtafiti apite kila shule iliyopewa kadi. Alifika Jumatatu. Alikuwa amekonda, shati jeupe limemlegea shingoni. Alisimama mlangoni akatazama nyuma ya darasa, mahali pake, akakuta maduara mpaka ukutani. Hapakuwa na pa kukaa.

"Karibu, mgeni," Kengele akasema, mbele ya watoto. "Simama hapo hapo, utaona vizuri."

"Ahsante, mwalimu."

Kengele alikuwa amevaa gauni la kijivu. Mtafiti aliliona, akainamisha macho. Hakuwa na kamera safari hii. Alitazama duara moja baada ya jingine mpaka macho yake yakafika kwa msichana mwenye alama shavuni, aliyewapita wenzake wote urefu, akimwelekeza mwenzake mdogo kadi.

"Anasoma," akanong'ona.

"Anasoma," Kengele akajibu kwa sauti ya chini, bila kumgeukia. "Lakini anaamini alirudia darasa kwa sababu ni mjinga. Hilo limeshaingia. Kadi zako haziligusi."

Kidoti alikuwa ameshamwona Mtafiti. Aliinuka polepole, si kama zamani alipokuwa akimrukia shingoni, akaenda kwenye mkoba wake, akatoa kitabu kilichochakaa pembe. Sungura mwenye kofia. Akaja nacho mlangoni, akakishika kichwa juu.

"Anko, nikusomee?"

"Nisomee."

Akasoma. Alisoma kwa kidole, neno kwa neno, akisimama, akirudi, hadithi ile ile aliyokuwa akiijua kwa moyo. Lakini sasa alikuwa anaisoma, na ungeweza kuona tofauti. Alipofika mwisho wa ukurasa aliinua uso kutafuta sifa, akakuta miwani ya Mtafiti imejaa maji na mwenyewe ameshika mwimo wa mlango.

Mtafiti alimgusa mtoto kichwani. Alimtazama Kengele mara moja, akitaka kitu ambacho wote wawili walikijua, naye Kengele akatikisa kichwa, taratibu, hapana. Basi akageuka akavuka uwanja, akapita kwenye mabenchi yaliyopangwa uani, akatoka getini.

Kidoti alibaki amekumbatia kitabu, anatazama geti. Akarudi kwa mama yake mdogo, akamvuta gauni.

"Mama mdogo, mbona ameondoka analia? Nimekosea wapi?"

Kengele alipiga magoti sakafuni, mbele ya darasa zima, akamshika mashavu yote mawili.

"Hujakosea, mwanangu," akasema. "Hujakosea hata neno moja."

Mtoto akamtazama kwa makini, midomoni, kama zamani. Halafu akafungua kitabu ukurasa ule ule, akaanza kuusoma upya, kimya kimya, akitafuta kosa lake.